Makochi Yalipotoka Nje

Mimi ni mtu wa ndani. Nalisema mapema ili asiyependa habari za watu wa ndani aweke hii chini akaendelee na shughuli zake. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne walitawanyika huku na kule. Mimi nilipata daraja ambalo kwetu halitajwi mbele ya wageni, nikarudi nyumbani, nikakaa mbele ya cherehani ya mama, na mpaka leo sijanyanyuka ila kwa mambo ya msingi: chakula, choo na kanisa. Na kanisa lenyewe si kila Jumapili. Nashona sare za shule. Hapa Area D wananiita Fundi, na nadhani wapo watoto wanaoujua mgongo wangu kuliko sura yangu, maana cherehani inatazama ukuta na dirisha liko nyuma.

Mama alikuwa kinyume changu. Yeye alikuwa mtu wa nje. Alikulia kijijini Mlali akichunga ng'ombe wa baba yake kama mvulana, akalima uwele, akaolewa, akaletwa mjini, na hata mjini hapakuwa na msiba, harusi wala kipaimara kilichompita. Kwa hiyo kichwa chake kilipoanza kumtoroka, kilijua pa kwenda. Kilirudi Mlali. Kikaniachia mimi mwili, niulishe.

Daktari aliuita ugonjwa wa kusahau. Jina hilo lilinidanganya. Mimi nasahau mkasi nilipouweka, na nikawa nadhani mama atakuwa hivyohivyo, kwa kuzidi kidogo. Hakuna aliyeniambia kwamba atasahau kuwa ameshakula, kisha atasahau jiko liko wapi, kisha siku moja nitampelekea uji naye atanipokea kwa heshima zote na kuniuliza, "Ahsante dada. Na wewe nyumbani kwenu ni wapi?"

Tangu hapo nikawa na vyeo viwili. Siku nyingine mimi ni mwanawe, kitinda mimba. Siku nyingine ni dada wa kazi. Nikiri tu kwamba nilipenda zaidi kuwa dada wa kazi. Dada wa kazi alishukuriwa. Mwanawe alisemwa: mvivu, hatoki, hana mume, uji wake una madonge. Uji ni uleule, mpishi ni yuleyule.

Lakini mambo hayo yalikuwa madogo. Jambo lenyewe lilikuwa ng'ombe.

"Ng'ombe wamerudi?"

"Mama, hatuna ng'ombe."

"Hatuna? Wameenda wapi?"

"Waliuzwa. Zamani. Kabla sijazaliwa."

Hapo uso wake ulikuwa unasawijika, kama mtu aliyepewa habari hiyo kwa mara ya kwanza, na kweli kwake ilikuwa mara ya kwanza. Mimi nakanyaga pedali, nashona nusu kola. "Eti, ng'ombe wamerudi?" Zingatia kwamba nimefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba uongo ni dhambi, na kwa mzazi ni dhambi mara mbili. Kwa hiyo nikamjibu ukweli, siku nzima, wiki nzima, miaka miwili mizima. Nilimuulia mama yangu ng'ombe walewale mara elfu, nikijiona mtoto mwadilifu.

Siku ninayotaka kuisimulia ilitanguliwa na siku nyingine ambayo nisingependa kuisimulia, lakini bila hiyo hii haina maana. Ilikuwa wiki ya kufungua shule. Nilikuwa nakata kitambaa cha bluu, kipande cha mwisho, mama akafungua mlango kwenda kuwaangalia ng'ombe barabarani. Nikamrudisha. Akafungua tena. Nikamrudisha. Mara ya sita, au ya tisa, mkasi ukateleza nikakata mkono wa shati pasipotakiwa. Nikanyanyuka, nikamkamata juu ya kiwiko, nikamvuta ndani kwa nguvu kiasi kwamba kandambili moja ilibaki nje.

Hakupiga kelele. Alinitazama tu, kisha akasema, "Samahani, dada."

Jioni nilipokuwa namuogesha nikaona alama. Vidole vinne upande huu, kidole gumba upande ule, rangi ya zambarau iliyoiva. Nilivihesabu kama vile vingeweza kuwa vya mtu mwingine. Kwa siku kadhaa nilimvalisha gauni la mikono mirefu, Dodoma, mwezi wa jua kali, na kila aliponiuliza kwa nini anasikia joto nilimwambia kuna baridi. Uongo huo, ajabu, haukunipa shida yoyote.

Nilichoogopa hakikuwa kusemwa na watu. Niliogopa mkono wangu. Ulikuwa umeshajua njia, na nilijua utairudia.

Ndipo nikaenda kliniki, mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, jambo ambalo kaka yangu mkubwa angelitangaza redioni. Kwenye zahanati moja ya mtaa wa jirani sista alikuwa amekusanya watu wanaouguza wazee wa namna hii, kila Alhamisi asubuhi. Tulikuwa sita. Sista alitufundisha kitu alichokiita meditesheni, akatutoa hofu mapema kwamba si dini, si uganga, na hakuna atakayepandwa na mapepo. Unakaa chini, mgongo wima. Unafumba macho. Unavuta pumzi ukihesabu hadi nne, unaishika, unaiachia polepole. Wazo likija usigombane nalo. Liache lipite.

"Litapita lenyewe?" akauliza mzee mmoja anayemuuguza mke wake.

"Litapita, baba."

Mzee akafumba macho. Kabla hatujafika pumzi ya tatu alikuwa anakoroma. Sista akasema naye tumwache, huenda ndiye pekee aliyeelewa somo.

Mimi mawazo yangu hayakupita. Yalikuja yakapanga foleni kama wateja wa Januari: sare kumi na mbili, dawa ya mama, mlango nimefunga au sikufunga. Sista akaniambia ninahitaji mazoezi ya nyumbani. "Tafuta sehemu yenye nafasi," akasema. "Usikae katikati ya vitu. Tandika chini. Zima simu. Na ukishaanza, usikatishe mpaka dakika kumi ziishe. Hata ukiitwa."

Nikayashika maagizo yote. Mimi shuleni sikuwahi kushika maagizo yote, na hii ndiyo faida niliyoipata.

Sebule yetu haina nafasi. Ina makochi matatu ambayo marehemu baba aliyanunua kwa kuamini tutahamia nyumba kubwa, ina kabati la vyombo visivyotumika, ina cherehani, na marobota ya vitambaa. Kwa hiyo asubuhi hiyo, mama akiwa bado amelala, nikayatoa makochi yote nje uani. Nikayapanga kando ya ukuta. Nikatoa na meza. Nikatandika mkeka katikati ya sebule. Upepo ulikuwa umeamka na vumbi lake, nikajifunga kanga moja kiunoni na nyingine nikajitanda kichwani. Nikazima simu. Nikakaa chini, nikafumba macho.

Msomaji aliyezaliwa nchi hii ameshaelewa. Mimi, niliyezaliwa nchi hii, sikuelewa. Makochi ya watu yakionekana nje asubuhi, na ndani pametandikwa mkeka, na mwenye nyumba amejitanda kanga amekaa chini ameinamisha kichwa, mambo ni mawili tu: wanahama au wamefiwa. Na mimi wa kuhama wananijua.

Nilikuwa pumzi ya sita niliposikia kandambili za mama.

"Nani?" akauliza.

Nikakumbuka: usikatishe hata ukiitwa. Nikavuta pumzi.

"Nauliza, ni nani?"

Moja, mbili, tatu, nne.

Kisha nikasikia akishuka chini kwenye mkeka, polepole, magoti yakilia, akikaa jinsi wanavyokaa wanawake wa rika lake, miguu imenyooshwa mbele. Nikajisemea, tazama, hata mama anatulia. Kweli sista ana elimu.

Halafu mama akaweka mikono kichwani akapiga yowe.

Sijui kama umewahi kusikia mama wa Kigogo aliyekulia machungani akilia msiba. Sauti ile iliumbwa kuvuka bonde. Mtu huyu alikuwa hakumbuki kijiko kinashikwaje, lakini hilo hakulisahau: inapanda, inakatika, inashuka na maneno ya kikwao, inapanda tena. Niliruka kutoka kwenye amani yangu ya ndani nusura nigonge kabati.

"Mama! Mama, hakuna msiba! Mama, ni meditesheni!"

Hebu mwambie hivyo mtu anayelia.

Wa kwanza kuingia alikuwa jirani yangu wa mkono wa kulia, mama wa Kirangi kutoka Kondoa, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Jina langu katika vikao vyake husomwa kila mara chini ya kichwa cha habari Wasiohudhuria. Alipita katikati ya makochi, akasema "Innalillahi" mlangoni, akanifikia, akanikumbatia kichwa kwa nguvu hadi maelezo yangu yote yakaishia kwenye baibui lake. Nyuma yake wakaja wengine. Na tujuane: kwetu mtu hafiki msibani akauliza nani kafa. Ni utovu wa adabu. Unafika, unalia kwanza, habari utazipata mbele ya safari. Kwa hiyo walilia. Mmoja alilia, "Mama yetu, mama yetu alikuwa mtu wa watu!" huku amemshika mama begani, na mama akimpigapiga mgongo na kumwambia apoe.

Nilipopata kichwa changu tena, nje palikuwa na mafiga matatu na sufuria juu yake. Sijui lilitoka wapi. Ndoo za maji zilikuwa zinaingia. Vijana wa bajaji walikuwa wameshakaa kwenye makochi ya baba wanaulizana turubai liko kwa nani.

"Mwenyekiti," nikasema. "Sikiliza. Hajafa mtu."

Akanitazama kwa huruma. Walio kwenye mshtuko, alijua, husema hivyo. Ikabidi nimvute pembeni ya kabati nimweleze mwanzo mwisho: sista, mkeka, pumzi, nne. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Ili upumue, Fundi, ulikuwa lazima utoe makochi?"

Hakusubiri jibu.

Akageuka kwa mama, akapiga goti mbele yake. "Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba. Tumeshapoa."

"Mama, tumefiwa na nani?"

Sebule nzima ikasogea, maana hata wao walikuwa wanalitaka jibu hilo.

"Mwanangu," akasema mama. "Kitinda mimba wangu. Yule fundi."

Macho yote yakanigeukia. Nikainua mkono kidogo, kama nilivyokuwa nikiinua darasani nikiwa sina uhakika. "Nipo," nikasema.

"Huyu ni dada wa kazi," mama akawafafanulia. "Mchapakazi. Ila ana mdomo."

Mtu akaguna nyuma. Mwingine akaziba mdomo kwa kanga, na mabega yakawa yanamcheza, si kwa kilio. Nikajua kicheko kinakuja, na kikija kitabomoa nyumba. Lakini mama alikuwa analia kweli. Machozi yalikuwa yanafuata mikunjo ya uso mpaka kidevuni. Mwenyekiti aliliona hilo kabla yetu wote. Akasimama akafunga kanga vizuri.

"Huyu mama kafiwa," akasema. "Hatuwezi kumwacha analia peke yake ati kwa sababu maiti inatembea. Nani yuko kwenye mchele?"

Basi nikaombolezwa. Watu waliketi kwenye mkeka wangu wa amani, mama katikati kama mfiwa mkuu, na ninaapa sijamwona na heshima ile kwa miaka. Alipokea mikono. Aliitikia shikamoo. Waliomsalimia "Mbukwenyi" aliwajibu kikwao, akawauliza habari za mvua. Alisahau mengi kati ya sentensi na sentensi, lakini msibani hakuna anayekudai sentensi kamili.

Na mimi, marehemu, nikawa nagawa chai.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" mwenyekiti akamuuliza, kwa kumliwaza.

Mama akafikiri. "Mvivu wa kutoka," akasema.

"Hilo tunalijua," mtu akachombeza.

"Uji wake madonge. Mume hakupata."

"Mama, marehemu husemwa mazuri," nikasema, na kikombe mkononi.

"Nyamaza wewe, hukumjua." Akafikiri tena. "Alikuwa ananifunga kanga. Hakubana. Wengine wananibana hapa, sipumui. Yeye alikuwa anajua." Akapangusa kidevu. "Lakini alikuwa na hasira. Juzi alinishika hapa."

Na akakunja mkono wa gauni.

Alama zilikuwa zimefifia, zimekuwa za manjano, lakini bado ungeweza kuhesabu. Nikasikia sufuria likichemka nje. Na kama vile Mungu alikuwa hajanimaliza, ndio wakati uleule kaka yangu alipotokea mlangoni.

Kaka ni mtumishi wa serikali Chamwino. Mtu wa kikundi alikuwa amempigia, na alipojaribu kunipigia mimi akakuta simu imezimwa, akapata jibu lake. Alikuwa ameendesha gari akilia njia nzima, tai imemgeukia begani. Akamwona mama yu hai. Akaniona mimi ni hai. Kisha akauona mkono.

"Nani kafanya hivi?"

Ningeweza kusema alianguka. Mlango ulikuwa palepale, kitasa kingebeba lawama. Lakini ilikuwa msiba wangu, na sikuona maana ya kuanza kudanganya siku ya kuzikwa.

"Mimi," nikasema.

Kaka akairudisha tai kifuani. "Mama anaondoka na mimi leo," akasema.

"Mimi siendi na mtu nisiyemjua," mama akajibu. Kisha kwa mwenyekiti, kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia: "Huyu ni wa ofisi. Amekuja kuandika majina."

Nilimhurumia kaka, na nilikuwa sina nafasi ya kumhurumia mtu. Ni mwenyekiti aliyeongea, akiwa amekaa vilevile, anachambua mchele.

"Mimi mkwe wangu nilimficha meno," akasema.

"Samahani?" kaka akasema.

"Meno ya bandia. Alikuwa na ugonjwa huuhuu, Kondoa, tunaishi naye. Ananisema kutwa kucha, kwamba namwibia kuku. Hana kuku. Siku moja nikayachukua meno yake nikayatia kwenye kopo la chumvi, siku nzima, ili nisimwelewe." Akatoa jiwe kwenye mchele akalitupa. "Alikula uji tu. Mume wangu mpaka leo hajui, na nyie mkimwambia nitajua ni nani."

Hapo kicheko kilichokuwa kimezuiwa tangu asubuhi kikalipuka, na mama akacheka naye, kwa adabu tu, kama mgeni anayecheka na wenyeji. Kaka hakucheka. Alisimama na tai yake. Nami nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

"Kaka. Kaa naye leo mpaka saa kumi. Peke yako. Mimi nikalale. Ukiona unamweza, mchukue. Sitasema neno."

Akakubali. Alikubali haraka, jinsi anavyokubali mtu anayekuja Jumapili na mkate na kuondoka kabla ya chakula cha jioni.

Watu walikula wali wa kifo changu, wakanisifu mapishi ambayo sikuyapika, wakaondoka mmoja mmoja. Mimi nikaingia chumbani nikalala chali. Nikajaribu tena, maana sikuwa na la kupoteza. Moja, mbili, tatu, nne. Mawazo yakaja: alama, uso wa kaka, nyumba bila mama, cherehani ikilia peke yake. Hilo la mwisho nilidhani litanipa nafuu, halikunipa. Sikugombana nalo. Halikupita pia. Lilikaa tu pembeni ya kitanda, nami nikasinzia nalo.

Niliamshwa na sauti sebuleni.

"Ng'ombe wamerudi?"

"Mama, hamna ng'ombe. Waliuzwa." Sauti ya kaka, ya upole, ya kikao.

Baadaye kidogo: "Ng'ombe wamerudi?" na "Mama, si nimekwambia." Halafu mlango. Halafu "Rudi mama, jua kali." Halafu mlango. Nilikuwa nahesabu pumzi lakini nikajikuta nahesabu milango. Wa saba ulifunguka kwa kishindo, na sauti ya kaka ikapanda mahali ambapo sikuwahi kuisikia tangu tukiwa watoto tukigombea ukoko. Nikatoka.

Alikuwa amemshika mama. Juu ya kiwiko, palepale, vidole vimezama. Mama alikuwa anamtazama kwa macho yaleyale, na nilijua neno linalofuata.

"Samahani, baba," mama akasema.

Kaka akautazama mkono wake kama kitu alichokiokota. Akaachia. Saa ya ukutani ilikuwa bado haijafika saa tisa.

Hapo palikuwa na nafasi ya mimi kusema mengi, na nilikuwa nimeyaandaa kwa miaka. Nikasema, "Vuta pumzi. Hesabu mpaka nne."

"Nini?"

"We hesabu tu."

Na mtumishi wa serikali akasimama katikati ya sebule isiyo na makochi, akafumba macho, akahesabu. Kwa sauti. Alipofika nne alikuwa analia kuliko alivyolia barabarani. Mama akamwendea akampigapiga mgongo. "Poa," akamwambia. "Alikuwa mtoto mzuri. Ila hasira."

Ni mwenyekiti aliyemaliza hiyo habari ya ng'ombe. Alikuwa amerudi kuchukua sufuria lake, akamkuta mama tena mlangoni na swali lake. Hata hakusimama. Akapita na sufuria kichwani akisema, "Wako njiani, mama. Wamefika mtoni wanakunywa."

"Haya," mama akasema. Akaja akakaa.

Akakaa kimya, tena muda mrefu. Mimi na kaka tukatazamana. Miaka miwili ya ukweli mtupu, na kumbe alikuwa anahitajika mtu wa kuwanywesha ng'ombe maji.

Kaka hakumchukua. Siku hizi anakuja Jumamosi, anakaa kutwa, na haji tena na mkate wala mashauri. Kikundi nacho kilifanya kikao, na kwa mara ya kwanza nilihudhuria, nikagundua kuna viti vizuri. Katibu alipinga: katiba inasema kufa na kuzikana, haina kifungu cha mtu anayeendelea kuishi. Mwenyekiti akamjibu kwamba kwa kuwa mimi nimeshaombolezwa rasmi na wali umeliwa, kesi yangu iko ndani ya katiba, na asiyekubali arudishe wali. Ikapita. Jumanne na Alhamisi mmoja wao anakuja kukaa na mama. Mama anadhani wanakuja msibani, anawapokea vizuri sana. Alhamisi mimi nakwenda kwa sista, nakaa kando ya mzee anayekoroma, na mara nyingi tunakoroma wote wawili.

Sitaki kusema nimepona hasira. Mwezi uliopita nilikuwa nashona kola, mama akafungua mlango. Nikamrudisha. Akafungua. Mara ya tano nikausikia mkono wangu ukinyanyuka kabla yangu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Nikauacha mkasi, nikatoka, tukasimama wote getini bila viatu, mimi na yeye, tukiitazama barabara. Bajaji ikapita, na ya pili, vumbi likabaki.

"Bado," akasema.

"Wako mtoni."

Akaniangalia, kutoka kichwani mpaka miguuni. "Wewe ni nani?"

Sijui kwa nini siku hiyo sikutaka kuwa dada wa kazi. "Mimi ni mwanao. Kitinda mimba."

"Si ulikufa?"

"Nilikufa. Nikarudi."

Hilo halikumshangaza. Aliinama kidogo akazitazama nyayo zangu. "Na huko hawakukupa hata viatu?"

"Hawakunipa, mama."

"Basi ingia ndani. Utakanyaga mbigili."

Akanikamata mkono, juu ya kiwiko, akanivuta kuelekea mlangoni. Kwa nguvu. Mtu aliyekua akiburuza ndama hana utani. Nilipokuwa naoga jioni nilivihesabu: vinne huku, kimoja kule.